Tunasomaje Maisha ya Mtu Mkali? Mesrine, Wasomaji Wake na Mwindo Wetu

Wahenga walisema: kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hiyo inafaa kuandikwa kwenye jalada la kila kitabu ambamo mtu wa bunduki anasimulia maisha yake mwenyewe. Kitabu tunachotaka kukizungumzia hapa ni L'Instinct de mort, maana yake silika ya kifo, cha Mfaransa Jacques Mesrine. Kilitoka Paris mwaka 1977, mwenyewe akiwa gerezani. Miaka miwili baadaye polisi walimwua barabarani.

Ndugu msomaji atauliza: bandi wa Ulaya anatafuta nini katika kijitabu cha mila? Jibu ni jepesi. Sisi watu wa Kivu tuliopita masomo kwa Kifaransa, tunasoma vitabu vya Wafaransa, na hiki ni kimoja kati ya vile ambavyo vinapita mkono kwa mkono mpaka jalada linaanguka. Tena mwaka 2008 Jean-François Richet alikitolea filamu za sehemu mbili, Vincent Cassel akiigiza kama Mesrine, na hata wasiopenda kusoma wakamjua. Tulipokijadili katika mikutano yetu, mabishano yalikuwa makali kuliko tulivyozoea. Na katikati ya mabishano jina la Mwindo likatajwa. Wengine walisema: "Juu ya nini munamushangaa ule muzungu? Siye pia tuko na mutu mukali wetu." Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Tunaona kwamba Mwindo na Mesrine hawakai kwenye kiti kimoja, na kwamba tofauti yao inatufundisha namna ya kusoma.

Mwenye kitabu

Kwanza tuseme yaliyo ya hakika, ili tusibishane juu ya hewa.

Mesrine alizaliwa tarehe 28 Desemba 1936 huko Clichy, karibu na Paris, katika jamaa isiyokosa chakula wala karo ya shule. Alitumikia jeshi la Ufaransa katika vita vya Algeria, vita vya ukoloni. Alipotoka jeshini aliingia katika wizi, na mwaka 1962 akafungwa mara ya kwanza. Mwaka 1968 alikimbilia Kanada. Kule, mwaka 1969, yeye na mwanamke wake walimteka tajiri mmoja ambaye walikuwa wakimfanyia kazi nyumbani kwake. Akafungwa katika gereza la Saint-Vincent-de-Paul, upande wa Montréal. Tarehe 21 Agosti 1972 akatoroka pamoja na wenzake watano. Siku chache tu baadaye akarudi na mwenzake mmoja, wakiwa na silaha, kujaribu kuwatoa wafungwa waliobaki ndani, wakashindwa. Tarehe 10 Septemba walinzi wawili wa msitu walikutana na watu hao wawili. Walinzi wote wawili walipigwa risasi wakafa.

Ufaransa alifanya vilevile. Mwaka 1973 alitoroka katika tribinali ya Compiègne kwa kumshika mwamuzi kama ngao. Akakamatwa tena mwaka uleule, akatiwa katika gereza la La Santé, Paris. Humo ndimo alimoandika kitabu. Mwezi wa Mei 1977 alihukumiwa miaka 20. Tarehe 8 Mei 1978 akatoka La Santé kwa kupanda ukuta, yeye na François Besse. Juni 1979 alimteka mzee wa miaka 82, mwenye manyumba ya kupangisha, akalipwa faranga milioni 6. Magazeti yakamwita adui wa umma namba moja, naye jina lile likampendeza. Tarehe 2 Novemba 1979, Porte de Clignancourt, lori lilisimama mbele ya gari yake, polisi waliojificha ndani wakafyatua risasi nyingi. Mesrine akafia kwenye usukani. Mwanamke aliyekuwa kando yake alijeruhiwa vibaya.

Hayo ni maisha. Kitabu ni jambo lingine. Katika kitabu Mesrine anadai kwamba ameua watu 39. Hakuna tribinali iliyothibitisha hesabu hiyo, na waliomfuatilia kwa karibu wengi waliona ni majivuno. Fikiri vizuri, msomaji: mtu anangojea kesi, mwanasheria wake anatafuta namna ya kumpunguzia miaka, naye anaandika kwamba ameua watu 39! Hapo tunaona kwamba kuna kitu alichokitaka kuliko uhuru. Alitaka jina.

Maoni matatu

Wasomaji tuliowasikia, hapa kwetu na kwingine, wanagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la wanaomsifu. Wengi ni vijana, lakini wenye mvi pia wamo. Wanasema hivi: "Ule alikuwa mwanaume. Alisema atarudia benzake mu buloko, akarudi kweli. Hapa kwetu nani anatimiza neno lake?" Tusiwacheke. Katika nchi ambamo ahadi za wakubwa zinayeyuka kama chumvi mvuani, mtu anayerudi na bunduki mbele ya ukuta wa gereza kwa ajili ya wenzake anaonekana kama nyota. Tena wako na hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi. Mesrine aliandika juu ya mahali pa adhabu ndani ya gereza la Kanada, fasi ambapo mfungwa anakaa peke yake mpaka akili inaharibika. Aliporudi Ufaransa alipiga kelele juu ya vyumba vya ulinzi mkali ambamo wafungwa walitengwa na watu wote. Hakuwa peke yake kupiga kelele hizo, na mwaka 1982 serikali ya Ufaransa ilivifuta vyumba vile. Kwa hiyo hapo hatukusikia porojo za mwizi. Alisema ukweli ambao watu wema hawakutaka kuusema. Sisi tunaojua gereza la Munzenze huko Goma lilivyokuwa limejaa kupita kiasi, hatuwezi kufumba macho juu ya kurasa hizo.

Kundi la pili ni la wanaolaani. Kwao kitabu hiki ni sumu, na aliyekileta katika nyumba yenye vijana amekosa adabu. Wanauliza: "Mutoto akisoma kwamba mwizi anakunywa champagne na wanawake wazuri, atashika jembe juu ya nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini tumeona kwamba wengi wa kundi hili, wakimaliza kukilaani kitabu, wanafurahia ukurasa mmoja ambao Mesrine hakuuandika: ukurasa wa kifo chake. Wanasema: "Polisi balifanya muzuri. Mwizi ni wa kuua tu." Hapo tunawaomba wasimame kidogo. Jamaa ya Mesrine ilishtaki kwamba aliuawa bila kuambiwa ajitoe, na tribinali za Ufaransa zilichukua miaka mingi kabla ya kulifunga jambo lile bila kumtia hatiani polisi yeyote. Kwetu tumeliona jambo kama hilo, tena kubwa. Mwezi wa Novemba 2013 polisi wa Kinshasa walianza Operesheni Likofi, yaani ngumi, dhidi ya vijana wa kuluna waliokuwa wakiwatesa watu kwa mapanga. Shirika la Human Rights Watch liliandika mwaka 2014 kwamba vijana wasiopungua 51 waliuawa na wengine 33 hawakuonekana tena. Wengine walitolewa nyumbani usiku, wakauawa mbele ya mlango, mama akiangalia. Basi anayelaani ukali wa mwizi halafu anausifu ukali wa anayeua bila tribinali, ameshuka kwenye mti mmoja na kupanda mwingine wa aina ileile.

Kundi la tatu ni la wasomi. Hao wanasema: "Mbona munagombana? Ile ni hadithi tu. Angalia anavyoandika." Ni kweli, Mesrine anaandika kwa mwendo. Sentensi zake ni fupi, hazipumziki, na msomaji anafika kwenye mwisho wa sura kabla ya kujua kwamba chai imepoa. Lakini hadithi ya kutunga haina kaburi, na hii iko na makaburi. Walinzi wawili wa msitu hawakutungwa na mtu. Msomi anayesema "ni hadithi tu" anafanana na mgeni anayesifu ngoma ya matanga bila kuuliza nani amekufa.

Kasoro ya kitabu

Sasa tuseme letu juu ya uandishi wenyewe. Kurasa zilizo bora ni zile ambamo Mesrine anapigwa. Kule gerezani Kanada anawaona wengine: aliyelia usiku, aliyekaa kimya mpaka akapotewa na akili, mlinzi aliyependa kazi yake kupita kiasi. Mfungwa akiwa chini, macho yake yanafunguka, na sisi tunaona pamoja naye.

Lakini mara tu anaposhika bunduki, macho yanajifunga. Anabaki yeye peke yake, na mbele yake hakuna tena mtu. Kuna kitu cha kuangushwa. Mapema katika kitabu anasimulia jinsi alivyomwua kwa kisu Mwarabu mmoja aliyeishi kwa kuwatumikisha malaya, na jinsi alivyomzika. Mwarabu huyo hana mama, hana kijiji, hana hata neno la kusema isipokuwa la kumfanya msomaji amchukie. Sisi Waafrika tusipite hapo haraka. Mwandishi anasema ni vita vya Algeria vilivyomzoeza kuua. Je, wale aliowaona wakifa Algeria wako wapi katika kitabu? Wamekuwa masomo yake tu, sawa na ubao wa darasa ambao mwalimu anaufuta akimaliza. Kijana wa Bukavu anayemsifu Mesrine kama muasi dhidi ya serikali ya wazungu asisahau kwamba muasi huyo alianza kazi upande wa bunduki ya mkoloni.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Kule Kanada alishtakiwa pia kwamba alimwua mwanamke mmoja mwenye umri, naye mwaka 1971 akaachiliwa katika kesi hiyo. Shitaka hilo alilikataa kwa hasira kubwa, na hasira ile haikumtoka. Tribinali ilimwachilia, nasi hatumrudishii mzigo ule. Tunachokiona ni hiki: mtu anayejisifu kwa vifo 39 anatukanika akitajiwa kifo kimoja ambacho hakimletei sifa. Ndipo tunaelewa kwamba hesabu yake haikuwa ya wafu. Ilikuwa ya nishani.

Mwindo si Mesrine

Turudi sasa kwa wale waliosema "siye pia tuko na Mwindo". Hadithi kubwa ya Mwindo ni ya Wanyanga, wenyeji wa misitu ya Walikale. Mwaka 1956 mzee Shé-Kárisi Rureke aliisimulia, akaiimba na kuicheza mbele ya mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck, na kazi hiyo ilichukua siku 12. Mwaka 1969 Biebuyck na ndugu yetu Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu, Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa masimulizi mengine ya hadithi hiyo, yaliyopokelewa kwa watu wengine. Sisi tutafuata lile la Rureke.

Anayetafuta mtu mkali atampata kweli. Baba yake, chifu Shemwindo wa Tubondo, ametoa amri kwamba wake zake wazae mabinti tu. Mwindo anazaliwa mwanaume, kupitia kidole cha mama yake, akiwa na mjwizi wake, conga, mkononi. Anaitwa Kabutwa-kenda, mdogo aliyezaliwa akitembea. Baba anamrushia mkuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto hafi. Anaenda kwa shangazi yake Iyangura, anakusanya wajomba, anarudi kupiga Tubondo, na umeme unaangamiza kijiji kizima. Anamfuata baba yake mpaka nchi ya chini, anakomuasi Muisa. Na njia yote anajisifu! Katika majivuno, Mwindo anamshinda Mesrine mbali sana.

Basi tofauti iko wapi? Tunaiona katika mambo matatu.

La kwanza: wafu wa Tubondo hawabaki wafu. Mwindo akisharudi na baba yake, hajengi kiti chake juu ya mifupa. Anapiga conga yake na kuwafufua watu, kila mmoja kwa hali aliyokuwa nayo alipokufa. Sisi hatuna conga ya namna ile, na hakuna mwenye bunduki aliye nayo. Lakini wazee walioitunga hadithi walijua kwamba ushindi haukamiliki mpaka walioangushwa wasimame tena. Msikilizaji hawezi kwenda kulala akifurahia Tubondo iliyoungua.

La pili: baba anasema mbele ya watu wote. Panaitwa mkutano. Shemwindo anakiri kosa lake, Iyangura anasema kosa la ndugu yake waziwazi, wengine pia wanasema. Mwishoni ufalme unagawanywa sehemu mbili, moja ya baba na moja ya mtoto. Mwindo hakusema peke yake. Kisasi kimepita kwenye baraza.

La tatu ndilo kubwa. Hadithi haiishi pale ambapo shujaa ameshinda. Mwindo anaua joka Kirimu lililomeza watu wake, na sisi tungepiga makofi. Kumbe Kirimu alikuwa amefanya udugu wa damu na Nkuba, mwenye umeme, yuleyule aliyemsaidia Mwindo Tubondo. Nkuba anamshika na kumpandisha juu. Huko Mwindo anapigwa na baridi ya mvua, anachomwa na jua, anafundishwa na mwezi, mwaka mzima. Hakuna anayejali majina yake ya sifa. Anarudi akiwa amekatazwa kuua wanyama, na anawapa watu maagizo ya kuishi pamoja. Rudia kwa makini, msomaji: hata kuua joka kulikuwa na ndugu wa kumlilia aliyekufa. Wahenga wa Kinyanga walimpa hata Kirimu jamaa. Mesrine hakumpa jamaa hata binadamu.

Ongeza pia namna ya kusimulia. Mwenye kusimulia karisi hakai peke yake chumbani. Pembeni yake kuna vijana wanaopiga miti na kuitikia nyimbo; mbele yake kuna watu wanaojibu, wanaocheka, wanaotoa zawadi. Akipotoka, wapo wa kumwambia. Hata kasala ya Baluba, inayosifu mtu kwa maneno ya juu kabisa, inamtaja pamoja na baba, mama na ukoo wake: sifa za mtu ni za watu waliomzaa. Mesrine alikaa na kalamu kati ya kuta nne. Hakuna aliyeitikia. Aliamba ngoma mwenyewe, akaivuta ngozi mwenyewe, akaipiga mwenyewe, akajichezea.

Nani anaitikia?

Mtu anaweza kutujibu: kitabu hakina baraza, lakini wasomaji ndio baraza. Vizuri. Basi tuangalie yaliyompata mmoja aliyeitikia vibaya.

Jacques Tillier alikuwa mwandishi wa gazeti la Minute, gazeti la mrengo wa kulia kabisa. Aliandika kwamba Mesrine si mwaminifu kwa wenzake, kwamba sifa ile ya rafiki wa kweli ni ya uongo. Tarehe 10 Septemba 1979 Mesrine alimwita kwa kisingizio cha mahojiano, akampeleka kwenye pango msituni, akamvua nguo, akampiga, akamfyatulia risasi tatu, ya shavuni, ya mkononi na ya mguuni, akapiga na picha. Tillier hakufa. Hatuna haja ya kupenda gazeti lake ili tuone maana ya jambo hilo. Mtu aliyetaka dunia nzima isome maisha yake hakuweza kuvumilia aliyeyasoma kinyume. Pango lile ni sura ya mwisho ya L'Instinct de mort, ingawa halikuchapwa ndani yake. Wanaosema "ule alikuwa mwanaume wa neno lake" wamkumbuke mtu huyu aliye uchi pangoni, aliyepata malipo ya wino wake kwa risasi.

Na sasa tufike Walikale, nchi ileile ya Mwindo, maana jambo hili halikutuleta hapa kwa ajili ya Paris. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, katika vijiji 13 vya Walikale, Luvungi ikiwa kimoja, watu wasiopungua 387 walibakwa kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa. Kati ya vikundi vilivyofanya hivyo kilikuwemo cha Ntabo Ntaberi Sheka. Mwezi wa Januari 2011 ilitoka amri ya kumkamata. Na mwaka uleule wa 2011 jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya uchaguzi, mgombea wa ubunge wa Walikale! Jina la mtu mkali lilikuwa limekua kuliko amri. Ndipo tunapouliza waliosema "ni hadithi tu": hadithi ya ukali ikipigiwa kura, bado ni hadithi tu?

Sheka alijitoa kwa MONUSCO mwezi wa Julai 2017. Kesi yake ilianza Goma mwaka 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 tribinali ya kijeshi ilimhukumu kifungo cha maisha kwa makosa ya vita. Lakini jambo tunalotaka kulikazia ni lile lililotokea kabla ya hukumu. Waathiriwa walisimama wakasema. Watu ambao katika kitabu cha mtu mkali wangekuwa "wanamke fulani", "mkulima fulani", walisimulia wao wenyewe, na mwenye bunduki alilazimika kukaa na kusikiliza. Kwa mara moja ngozi ya ngoma ilivutwa na mikono mingi. Hatusemi kwamba tribinali ile ilimaliza mateso. Watu wa Walikale wanajua wangali wanalala na hofu namna gani. Tunasema kwamba katika chumba kile palifanyika kitu kinachofanana na baraza la Tubondo kuliko kitabu chochote cha mtu mkali tulichowahi kusoma.

Tukisome vipi?

Tukiwarudia wasomaji wetu wa makundi matatu, kila mmoja tuko na neno naye.

Kwa wanaomsifu tunasema: chukueni kurasa za gereza, ni zenu, ni za kweli. Lakini mkifika kwenye kurasa za bunduki, mkisoma jina la aliyeanguka au mkikuta hana jina, simameni na kuuliza yule alikuwa mwana wa nani. Mkiuliza hivyo mara 39, champagne itapoteza ladha.

Kwa wanaolaani tunasema: kukificha kitabu hakusaidii. Mtoto wa Goma hahitaji Mesrine ili ajue mtu wa bunduki anavyoogopwa. Amemwona kwenye bariyera, amemsikia akitungiwa wimbo. Kinachomkosa ni mtu mzima wa kukaa naye na kumjibu yule anayejisifu. Mwalimu anayesoma sura moja ya Mesrine asubuhi, na jioni sehemu ya Nkuba kumpandisha Mwindo juu, amefanya kazi kubwa kuliko anayechoma vitabu kumi.

Kwa wasomi tunasema: uzuri wa sentensi ni ushahidi pia. Angalieni mwandishi anapoandika vizuri na anapoandika vibaya, mtaona kwamba Mesrine anaandika vibaya hasa pale anapoua. Kalamu yake inakimbia, haitaki kuangalia. Huo ni uhakiki, na unatosha kumhukumu bila kupandisha sauti.

Kwetu sisi wa kazi ya mila kuna deni. Hadithi ya Mwindo imekaa katika lugha ya Kinyanga, ambayo watoto wengi wa mjini hawaisikii, na katika Kiingereza, ambacho wazazi wao hawakisomi. Mesrine yuko katika Kifaransa cha rahisi, mfukoni, kwenye kaseti na kwenye simu. Ndiyo maana kijana wetu anajua namna Mfaransa alivyopanda ukuta wa La Santé na hajui namna Mwindo alivyoteremshwa kutoka mbinguni akiwa mtu mwingine. Tusimlaumu. Tumweleze kwa Kiswahili hiki tunachoongea, tukianza na Tubondo, na tusikate hadithi pale shujaa anaposhinda. Tuiendeshe mpaka kwenye baridi ya mvua, na kutoka pale mpaka kwenye maagizo aliyorudi nayo. Na tunaposimulia, tumwachie kijana nafasi ya kuitikia.